Dakika ya Kumi na Moja

Jumamosi ya tatu hii tunaizunguka,
chumba cha chini, nyuma ya stesheni ya Wrocław,
ambako bomba la joto hukohoa kumshinda Bogumił.
Mashine inawaka. Feni zinazunguka. Skrini inatoa salamu.
Halafu, dakika ya kumi na moja, giza totoro,
kama mgeni aliyekumbuka ghafla
kwamba ameacha jiko linawaka kwake.

“Ni programu,” asema Żaneta,
aliyeendesha tramu miaka ishirini na sita
na anayeamini kila ajali ina dereva.
“Futeni dereva wa kadi ya michoro, mrudishe yule wa zamani.
Hawa wapya wanafunzwa mbiombio.”
Tukamfuta. Tukamrudisha mzee kazini. Tukangoja na chai.
Dakika ya kumi na moja: giza totoro.

“Ni chuma,” asema Ireneusz, fundi wa kunusa.
Akainamisha pua juu ya bodi mama
kama achaguaye tikiti sokoni,
akakigonga kisanduku cha umeme kwa kidole.
“Hiki kimechoka. Ninacho kingine nyumbani.”
Akakileta wiki iliyofuata, kimeviringishwa skafu ya mkewe.
Tukabadili. Tukachomoa vijiti vya kumbukumbu, kimoja kimoja,
tukavisugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha shule.
Dakika ya kumi na moja.

Ikawa wa programu wanakaa dirishani,
wa chuma wanakaa penye bomba,
na sukari inapitishwa bila kutazamana.
Mwenye mashine akasimama katikati na neno lake moja:
“Nimejenga arobaini na mbili. Kwenye kujenga hakuna kosa.
Tafuteni kwingine.”
Nasi tukatafuta kwingine. Ndiyo heshima hiyo.
Mganga hajigangi, twajua;
huyu alikataa hata kupimwa homa.

Leo Gniewko, miaka kumi na minne,
ambaye huja kwa ajili ya biskuti,
ameuliza: “Kuna aliyeiuliza yenyewe?”

Kimya. Hata bomba.

Akafungua daftari la mfumo,
kule mashine inakoandika mambo yasiyosomwa na mtu.
Mstari mmoja ulijirudia, siku baada ya siku, kwa adabu:
joto limepita kiasi, najizima nisiungue.
Mara hamsini na tatu ilituambia.
Sisi tulikuwa tunaongea.

Bisibisi. Skrubu nne.
Kipoza joto kikabanduka kwa sauti ya busu,
na hapo, kati ya shaba na prosesa,
karatasi ya nailoni, nyembamba kama ganda la kitunguu,
pesti imepakwa juu yake kwa ustadi, bila hata kiputo,
na herufi nyekundu kwa lugha tano:
ONDOA KABLA YA KUTUMIA.

Ireneusz akaangalia dari.
Żaneta akajizuia kucheka, akashindwa.
Bogumił akaishika kwa kucha mbili, akaiinua kwenye taa,
akaitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili.
“Usiku ule,” akasema, “Ludmiła alikuwa chumba cha pili
anafunga masanduku ya kwenda Oslo.
Nilijua nikiinua kichwa nitamwomba abaki.
Basi sikuinua.”

Hakuna aliyejua hilo liwekwe upande wa dirisha
au upande wa bomba.
Gniewko akala biskuti ya mwisho.

Pesti mpya, tone kama punje ya dengu. Tukawasha.
Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Kumi na mbili, na hatukupiga makofi.
Żaneta akavaa koti; tramu ya mwisho
haimngoji hata aliyekuwa dereva wake.

Nilipogeuka mlangoni kuzima taa
nikamwona angali ameketi,
amelirudisha daftari la mashine hadi ukurasa wa kwanza,
analisoma, mstari kwa mstari,
midomo yake ikitembea.
Taa nikaiacha.